Michael Faraday: Mwana wa mhunzi aliyegundua siri ya kipimajoto cha umeme

MUUGUZI anapomwekea mtoto kipimajoto kwapani, na chombo hicho kikalia baada ya muda mfupi na kuonyesha tarakimu, mzazi huitazama nambari tu. Ikiwa 37, hushusha pumzi. Ikiwa 39 au 40, moyo humdunda.

Ni wachache wanaojiuliza jinsi chombo hicho, kisicho na tone la zebaki, kilivyoweza kujua kiwango cha joto mwilini.

Ndani ya ncha yake mna punje ndogo iitwayo themista. Punje hiyo ina tabia ya kipekee: inapopata joto hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, na inapopoa huuzuia. Kazi ya chombo ni kupima jinsi umeme unavyopita, kisha kugeuza kipimo hicho kuwa digrii za Selsiasi.

Mtu wa kwanza kuiona tabia hiyo na kuiandika alikuwa Michael Faraday, mwana wa mhunzi kutoka Uingereza, mnamo mwaka wa 1833. Hakuwa na shahada. Hakukanyaga chuo kikuu akiwa mwanafunzi, na hisabati yake haikuvuka hesabu za kawaida. Isitoshe, hakuweza kueleza kwa nini jambo aliloliona lilitokea.

Aliliandika tu jinsi alivyoliona, bila kuongeza wala kupunguza. Maandishi hayo yalingoja takriban miaka 100 kabla ya wataalamu kuyapatia maelezo.

Mkate mmoja kwa wiki

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, katika mtaa wa Newington Butts, ambao siku hizi ni sehemu ya kusini ya jiji la London. Alikuwa mtoto wa tatu miongoni mwa wanne wa Bw James Faraday na mkewe, Margaret.

Baba alikuwa mhunzi aliyehamia kusini kutoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta riziki. Hata hivyo, afya yake ilikuwa dhaifu na mara nyingi alishindwa kusimama mbele ya tanuri kutwa nzima. Familia iliishi kwa dhiki.

Mwaka wa 1801 bei ya nafaka ilipopanda, inasimuliwa kuwa Michael, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alipewa mkate mmoja uliotarajiwa kumtosha kwa wiki nzima.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipofikisha umri wa miaka 13 aliajiriwa na muuzaji vitabu, Bw George Riebau, katika barabara ya Blandford jijini London, kazi yake ikiwa kusambaza magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata, yaani 1805, akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu katika duka hilo hilo, kwa mkataba wa miaka saba.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia dunia. Vitabu vilivyoletwa kushonwa na kutiwa majalada alivisoma kabla ya kuvirudisha. Makala kuhusu umeme katika ensaiklopidia ya Britannica yalimteka, na kitabu cha kemia cha Bi Jane Marcet, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1806, kikawa mwalimu wake.

Hakuridhika na kusoma. Kila alipokutana na jaribio lililogharimu senti chache, alilifanya mwenyewe ili ahakikishe kuwa mwandishi alisema kweli. Tabia hiyo ya kutoamini jambo hadi alijaribu kwa mikono yake aliishikilia hadi uzeeni.

Jioni alihudhuria mihadhara ya sayansi ya Bw John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja ya Uingereza kila mara, na aliyemlipia ni kaka yake Robert, ambaye alikuwa amefuata kazi ya uhunzi ya baba yao. Baba mwenyewe aliaga dunia mwaka wa 1810.

Abisha mlango wa Davy

Mnamo 1812, mmoja wa wateja wa duka, Bw William Dance, alimpa kijana huyo tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya mwisho ya Sir Humphry Davy katika taasisi ya Royal Institution. Davy alikuwa mwanakemia maarufu kuliko wote nchini Uingereza wakati huo.

Faraday aliketi roshani, akaandika kila alichosikia, akachora kila chombo alichokiona. Nyumbani alinakili maandishi hayo kwa mwandiko safi, akayajalidi kwa ustadi wake wa kazi hadi yakawa kitabu cha takriban kurasa 300. Mwishoni mwa mwaka huo alikituma kwa Davy pamoja na barua ya kuomba kazi.

Davy alipendezwa, lakini hakuwa na nafasi ya kazi. Alimshauri kijana ashikilie ufundi wake wa vitabu.

Bahati ilimjia Februari 1813, msaidizi wa maabara alipofutwa kwa kupigana na mwenzake kazini. Machi 1 mwaka huo Faraday aliajiriwa kuchukua nafasi hiyo kwa mshahara wa shilingi 25 kwa wiki, vyumba viwili vya juu ghorofani, kuni na mishumaa. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Miezi michache baadaye, Oktoba 1813, Davy na mkewe walifunga safari ya Ulaya na wakamchukua Faraday kama msaidizi wa majaribio. Mtumishi wa Davy alikataa kwenda dakika ya mwisho, hivyo Faraday akaombwa afanye kazi hiyo pia hadi watakapopata mwingine. Hakupatikana.

Kwa mwaka mmoja na nusu kijana huyo aliishi maisha mawili. Mchana alikutana na vigogo wa sayansi kama vile André-Marie Ampère jijini Paris na Alessandro Volta, aliyevumbua betri, jijini Milan. Jijini Florence alimsaidia Davy kuchoma almasi kwa lenzi kubwa ya mtawala wa huko, jaribio lililoonyesha kuwa kito hicho ni kaboni. Wakati wa chakula, hata hivyo, mke wa Davy alimtaka ale na watumishi.

Udhalili huo ulimuuma kiasi cha kufikiria kurejea nyumbani. Alivumilia kwa sababu alijua kwamba hapakuwa na chuo kingine ambacho mwana wa mhunzi angeweza kusomea. Waliwasili Uingereza tena Aprili 1815.

Aitwa mwizi wa fikra

Mwaka wa 1821 ulimletea Faraday mambo mawili. Juni alimwoa Bi Sarah Barnard, waliyekuwa wakisali naye katika kanisa dogo la Sandeman. Hawakujaliwa watoto, lakini ndoa yao ilidumu miaka 46.

Septemba mwaka huo alifanya jaribio lililomfanya ajulikane Ulaya nzima. Alining'iniza waya ndani ya bakuli la zebaki lililokuwa na sumaku katikati, akapitisha umeme, na waya ukaanza kuizunguka sumaku bila kukoma. Hiyo ndiyo iliyokuwa mota ya umeme ya kwanza.

Furaha hiyo iligeuka shubiri. Davy na mwenzake, William Wollaston, walikuwa wamejaribu jambo linalokaribiana na hilo na wakashindwa. Faraday alichapisha matokeo yake kwa haraka bila kuwataja. Minong'ono ikaenea London kwamba kijana aliyelelewa na Davy ameiba fikra za wakubwa wake.

Kwa mtu asiye na mali, ukoo wala elimu ya chuo, jina jema ndilo lililokuwa mtaji wa pekee. Faraday alipopendekezwa kujiunga na chama cha Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wa chama hicho, alipinga. Hata hivyo, wanachama walimchagua Januari 1824.

Kisa hicho kilimfunza somo ambalo hakulisahau. Tangu hapo alikuwa makini kupita kiasi kuandika tarehe ya kila jaribio, jinsi lilivyofanywa na nani alitangulia kufanya nini. Kuanzia 1832 alizitia nambari aya za daftari zake za maabara, na kufikia mwisho wa kazi yake mnamo 1862 zilikuwa zimepita 16,000.

Agosti 29, 1831, daftari hizo zilipokea habari kubwa kuliko zote. Faraday alikuwa amezungushia nyaya mbili katika pete ya chuma, kila moja upande wake. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano ya kipimo kwenye waya wa pili ilicheza kidogo, kisha ikatulia. Alipoukata, ikacheza tena. Oktoba mwaka huo alionyesha kuwa kusogeza sumaku ndani ya koili ya waya huzalisha umeme.

Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha majenereta yote makubwa duniani, yakiwemo yanayozungushwa na mvuke wa Olkaria na maji ya mabwawa ya mto Tana nchini Kenya.

Barafu na salfaidi ya fedha

Baada ya ushindi huo Faraday angeweza kupumzika. Badala yake, majira ya baridi ya mwanzoni mwa 1833 yalimkuta akisumbuliwa na jambo dogo.

Alikuwa akipitisha umeme majini na akagundua kwamba tabaka jembamba la barafu liliusimamisha kabisa. Maji yalipitisha umeme. Maji hayo hayo yakiganda yalikataa. Je, ilikuwa hivyo kwa vitu vingine?

Alianza kujaribu kemikali moja baada ya nyingine. Nyingi zilifuata mkondo wa barafu: zikiwa ngumu zilizuia umeme, zikiyeyushwa ziliupitisha.

Kisha akafikia salfaidi ya fedha. Hicho ni kitu cheusi ambacho hutanda juu ya vikuku, pete na vijiko vya fedha vinapokaa muda mrefu bila kusuguliwa. Aliigandamiza, akaibana kati ya vipande viwili vya platini, akaiunganisha na betri ya jozi 20 za sahani pamoja na galvanomita, yaani chombo chenye sindano inayoonyesha kama umeme unapita.

Ikiwa baridi, sindano ilisogea kidogo tu. Alipoweka taa chini yake, sindano ilianza kupanda, na joto lilipozidi ikaruka na kukaa palepale, kana kwamba umeme ulikuwa ukipita katika chuma. Alipoiondoa taa na kuacha kitu hicho kipoe, sindano ilirudi chini. Alipokipasha tena, ikapanda tena.

Jambo la ajabu ni kwamba salfaidi hiyo haikuwa imeyeyuka. Ilikuwa bado ngumu.

Matokeo hayo yalikuwa kinyume na yaliyojulikana. Mwaka wa 1821 Davy, mwalimu wake, alikuwa ameonyesha kwamba metali hupitisha umeme kwa shida zaidi zinapopata joto. Kila fundi wa maabara alikubali hivyo. Sasa palikuwa na kitu kilichopitisha umeme kama metali lakini kikaenda kinyume na metali zote.

Davy alikuwa amefariki mwaka wa 1829. Faraday alijua uchungu wa kushukiwa kuwa anashindana na mwalimu wake, na safari hii hakuwa hata na nadharia ya kujikinga nayo. Mtu mwingine angeweza kulifukia jambo hilo, au kulitungia maelezo ya kupendeza ili asionekane mjinga.

Faraday hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alirudia jaribio, akaandika hatua zake zote na kuzichapisha mwaka huo huo wa 1833 katika mfululizo wa nne wa taarifa zake kuhusu umeme. Alieleza kwamba hakujua kitu kingine chenye tabia hiyo, huku akitarajia kuwa vingine vingepatikana.

Kutoka daftari hadi kwapani

Matarajio hayo yalitimia, ingawa alikuwa kaburini kwa miongo mingi.

Mnamo 1930 mvumbuzi wa Marekani, Samuel Ruben, alibuni themista ya kwanza iliyofaa kwa biashara. Mwaka uliofuata mwanafizikia Mwingereza Alan Wilson alichapisha maelezo ya kwa nini vitu vya aina hiyo hufanya kama vinavyofanya.

Kwa ufupi, umeme katika waya ni mwendo wa elektroni. Ndani ya metali elektroni huru ni tele, na joto huzitikisa atomi zilizo njiani hadi elektroni zikapita kwa kugongana, kama mtu anayejipenyeza sokoni siku ya gulio. Ndani ya vitu kama themista elektroni nyingi zimefungiwa kama ng'ombe zizini. Joto ndilo linalofungua lango, na kadiri linavyozidi ndivyo zinavyotoka kwa wingi.

Siku hizi themista nyingi hutengenezwa kwa oksaidi za metali kama vile manganisi, nikeli na kobalti, ambazo hufinyangwa na kuchomwa tanurini kama vyungu. Kubuni kipimajoto rahisi kwa kutumia punje hiyo kumekuwa zoezi la kawaida kwa wanafunzi wa fizikia na mafundi wa redio, na kila hatua yake ni mwangwi wa kazi ya Faraday ya 1833.

Vinavyohitajika ni vichache: betri ya volti 1.5, themista yenye ukinzani wa ohm 10,000 katika joto la digrii 25, rezista ya kawaida ya kiwango hicho hicho na mita ya kupima volti. Ukinzani ni kiasi ambacho kitu huuzuia umeme.

Themista na rezista huunganishwa kwa mfuatano, kisha ncha mbili zinazobaki huunganishwa na betri. Mita huwekwa kwenye ncha mbili za themista. Katika digrii 25 vitu hivyo viwili hugawana nguvu ya betri sawasawa, na mita husoma volti 0.75.

Themista inapobanwa kwa vidole, ukinzani wake huanza kushuka kuelekea ohm 6,000 hivi, ambacho ni kiwango cha joto la mwili, na usomaji wa mita hushuka pia. Inapotiwa kwenye barafu, ukinzani hupanda hadi karibu mara tatu ya ule wa awali na mita husoma zaidi ya volti 1. Katika maji yanayochemka ukinzani huwa chini ya ohm 1,000, na mita husoma karibu volti 0.1.

Kuunda chombo hicho huchukua dakika chache. Kazi iko katika kukipima, kwani kipimajoto ambacho hakijapimwa ni kama mizani ya mlanguzi.

Sehemu ya kwanza ya kuanzia ni barafu iliyopondwapondwa na kuchanganywa na maji kidogo. Ikikorogwa vizuri hukaa kwenye digrii sufuri hadi barafu yote iyeyuke. Ya pili ni maji yanayochemka, na hapa wengi hukosea. Maji huchemka kwa digrii 100 katika usawa wa bahari, kama vile Mombasa. Jijini Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwa takriban digrii 94 au 95. Anayeandika 100 akiwa Nairobi amekiharibu chombo chake kabla hajaanza kukitumia.

Vipimo viwili havitoshi. Ukinzani wa themista haushuki kwa hatua zilizo sawa; huporomoka kwa kasi kwenye baridi na polepole kwenye joto. Hivyo ni lazima kuchukua vipimo vingine kadhaa katika maji ya vuguvugu, pembeni pakiwa na kipimajoto kinachoaminika, na kuchora mstari uliopinda unaounganisha alama zote. Mstari huo ndio utakaotumiwa kugeuza volti kuwa digrii.

Pana mitego miwili. Kwanza, nyaya zilizo uchi zikizama majini, umeme hupita pia katika maji na kudanganya mita, jambo ambalo Faraday angelielewa upesi kwa vile ni maji na barafu vilivyomwanzisha safari hiyo. Dawa yake ni kuifunika themista kwa plastiki nyembamba.

Pili, umeme wenyewe huipasha themista joto. Kwa betri ya volti 1.5 athari hiyo ni ndogo mno. Kwa betri ya volti 9, punje ndogo iliyo hewani inaweza kuonyesha digrii moja au zaidi kupita kiwango halisi. Kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na homa, digrii moja ndiyo tofauti kati ya kulala nyumbani na kukimbizwa hospitalini.

Vyombo vya aina hii vilipata umuhimu zaidi baada ya mataifa kukubaliana, katika Mkataba wa Minamata wa 2013, kupunguza matumizi ya zebaki kwa sababu ya sumu yake. Mazungumzo ya mkataba huo yaliongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu Nairobi. Mwaka wa 2020 uliwekwa kuwa kikomo cha kutengeneza vipimajoto vya kawaida vya zebaki na kuviuza nje au kuviagiza kutoka nje.

Apoteza kumbukumbu

Faraday hakuona senti kutokana na salfaidi ya fedha, wala hakuitafuta. Aliacha kazi za ushauri kwa viwanda zilizokuwa zikimlipa vyema ili apate muda wa utafiti. Imani ya kanisa lake ilimkataza kulimbikiza mali.

Mnamo 1835 Waziri Mkuu, Lord Melbourne, alimwita kuzungumzia malipo ya uzeeni kutoka kwa serikali, lakini akaufanyia mzaha utaratibu wenyewe. Faraday aliondoka na kuyakataa malipo hayo. Ni baada ya Melbourne kuomba radhi kwa maandishi ndipo alipokubali pauni 300 kwa mwaka.

Kuanzia 1836 aliishauri mamlaka ya Trinity House kuhusu minara ya taa za kuongozea meli, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka 30. Aidha, alianzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana, naye mwenyewe akaitoa kwa misimu 19. Mihadhara yake kuhusu mshumaa, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1861, ingali inasomwa.

Pigo kubwa lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1830. Alianza kuumwa na kichwa, kupata kizunguzungu na kusahau. Mnamo 1841 alilazimika kwenda Uswisi kupumzika kwa miezi kadhaa. Alirejea kazini na mwaka wa 1845 akagundua kwamba sumaku huathiri mwanga, lakini kumbukumbu yake haikupona kamwe.

Ilifika hatua ya kupanga jaribio kwa makini, kisha kugundua katika daftari kwamba alikuwa amelifanya miezi michache awali. Hapo ndipo ilipodhihirika thamani ya zile aya zenye nambari. Alichokipoteza kichwani kilikuwa salama kwenye karatasi.

Alikataa kuwa rais wa Royal Society, na inaelezwa kuwa alikataa pia cheo cha Sir, akipendelea kubaki Bw Faraday hadi mwisho. Mwaka wa 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi bila kodi huko Hampton Court.

Huko ndiko alikofia Agosti 25, 1867, akiwa ameketi kitini, na umri wake ulikuwa miaka 75. Alikuwa amekataa kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey, wanakozikwa wafalme na ambako mwanasayansi Isaac Newton amelala. Alizikwa kwa ibada ya faragha katika makaburi ya Highgate jijini London, chini ya jiwe lenye jina lake na tarehe zake.

Heshima alizozikwepa zilimfuata. Kipimo cha farad katika masuala ya umeme kimepewa jina lake, na kati ya 1991 na 2001 picha yake ilikuwa kwenye noti ya pauni 20 ya Uingereza. James Clerk Maxwell alizitafsiri fikra zake kwa lugha ya hisabati ambayo Faraday mwenyewe hakuweza kuisoma, na kutokana nazo ikazaliwa sayansi ya redio.

Ile aya ya salfaidi ya fedha nayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa kuhusu vitu ambavyo si vipitishi kamili vya umeme wala vizuizi kamili. Ni vitu vya jamii hiyo vilivyoleta transista mwaka wa 1947, na baadaye kompyuta na simu za mkononi.

Daftari zake aliziachia Royal Institution, ambako zimehifadhiwa hadi leo. Mwanafunzi anayeunganisha themista na betri, akaona mita ikishuka kwa joto la vidole vyake, huwa amerudia jaribio lililofanywa na mtu aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 13. Likimpa jibu asilolitarajia, mfano wa kufuata anao: alirudie, aliandike kama lilivyo, na kuacha nafasi kwa atakayelielewa.